Nimefunga Breki

Jumamosi, 3 Agosti

Siku mbaya. Binti yangu amefungua boneti ya pikapu ya marehemu baba, akachungulia, akatangaza kwamba injini haijafa.

Najua haijafa. Miaka yote hii nimewaambia nyumbani kwamba imekufa. Ukweli ni kwamba mara ya mwisho nilipoliendesha gari lile, lori lilinikwangua kioo cha pembeni pale barabara kuu. Nikarudi kwa gia ya kwanza, nikaliegesha nyuma ya nyumba, nikatia mawe chini ya magurudumu. Aliyekufa siku ile ni dereva.

Halafu kuna ahadi. Binti alipotimiza miaka kumi na saba nilimwambia, mbele ya mama yake, kwamba siku gari likitembea ataliendesha yeye na mimi nitakaa pembeni. Niliahidi kwa moyo mweupe, kama mtu anayejua kabisa kwamba hatadaiwa.

Barabara ile ile. Malori yale yale. Mtoto wangu wa pekee kwenye usukani.

Nimejitolea kumsaidia kazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia leo mimi ni chawa wa ovaroli yake.

Jumapili, 4 Agosti

Pigo la kwanza limepigwa. Binti alifungua kabureta, akaiweka juu ya meza, akaenda kunawa. Bila kabureta injini haipati mafuta. Nikainyakua. Nikaitumbukiza ndani ya debe la mafuta ya taa kule stoo, nikafunika na gunia, nikarudi nikipiga mluzi.

Ametafuta mpaka jua limezama. Nikamsaidia kutafuta. Nikatafuta kwa bidii sana, hata ndani ya banda la kuku.

Alipokata tamaa moyo uliniuma. Lakini afadhali alie yeye leo kuliko nilie mimi kesho. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hiyo methali ndiyo iliyonifikisha umri huu.

Jumatatu, 5 Agosti

Mke wangu amelikuta debe. Akauliza ni nani anayeloweka vyuma kwenye mafuta yake ya taa. Binti akaitoa kabureta, akaigeuza mwangani. Inameta! Kutu yote imelegea, matundu yote yamezibuka. Akanikumbatia na uchafu wake wote. Akasema alikuwa hajui namna ya kuisafisha, na kumbe baba yake alikuwa anajua muda wote na anamfanyia mshangao.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Shemeji alikuwepo. Huyu ni kaka wa mke wangu, dereva wa malori mstaafu. Huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kugawa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mimi ananiita Abiria. Akasema kwamba leo Abiria kaonyesha ufundi. Sikupenda alivyotabasamu.

Jumanne, 6 Agosti

Limewaka.

Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likanyamaza, nikashukuru. Kisha likanguruma mpaka vioo vya dirisha la jikoni vikatetemeka. Binti aliruka juu. Mama yake akatoka na mwiko mkononi akapiga vigelegele. Shemeji alisimama kutoka kwenye ndoo yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nilishika ukuta nikalia. Walidhani ni machozi ya furaha.

Sasa zimebaki breki tu. Viatu vya breki, vile vyuma vinavyobana gurudumu kutoka ndani, vimelika vyote. Ikabidi nichukue hatua. Nilikimbia dukani kwa muuza vipuri kabla ya binti, nikamnong'oneza. Nikamsihi akija msichana mwenye ovaroli amwambie kwamba viatu vya gari kama lile havitengenezwi tena duniani. Akaniahidi. Akaweka hata mkono kifuani.

Saa ya chakula binti amerudi na boksi. Anasema muuza vipuri alimwambia hivi: baba yako kaniomba nikwambie havipo, sasa unataka vya mbele au vya nyuma?

Hakugomba. Alinitazama tu huku anakula, tonge baada ya tonge. Niliacha nusu ya sahani yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Binti hajasema neno juu ya muuza vipuri. Hilo linanitisha kuliko kugombezwa.

Leo amefunga breki za mbele peke yake. Mikono yake inakwenda kama inajua njia. Kisha akatoa viatu vilivyochakaa vya nyuma, akarudishia zile ngoma za chuma zinazovifunika ili vumbi lisiingie, akaniambia za nyuma ni kazi yangu. Akanionyesha mara mbili. Akasema amenipa zile rahisi, maana anataka tuseme tumelitengeneza wote wawili.

Nikageukia ukutani nikakohoa. Nikasema nina kikohozi.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimejaribu. Mungu ni shahidi. Nilifungua ngoma, nikashika kiatu, nikavuta springi kwa koleo kama alivyonionyesha. Springi ikachomoka, ikapita sikioni ikilia kama nyuki, ikagonga bati la stoo. Ingekuwa jicho je?

Nikarudishia ngoma kama ilivyokuwa, tupu. Boksi nikalisukuma chini ya meza. Nitamalizia baada ya chai.

Baada ya chai nilijilaza kidogo.

Halafu nikawaza. Gari lina magurudumu manne, na mawili ya mbele yana breki nzuri. Nusu si haba. Tena gari lenyewe halijatoka bado.

Jumamosi, 10 Agosti

Asubuhi binti alisema tunawasha tu, injini ipate moto. Nikaona hilo halina madhara. Nikaingia ndani ya gari, nikakaa upande wangu wa abiria. Nikakumbuka kwamba uwanja wetu umeinama kuelekea getini, na geti liko wazi. Mtu mwangalifu hachezi na mteremko. Nikavuta breki ya mkono mpaka juu. Ilikuja laini ajabu, bila ubishi wowote. Nikafurahi kwamba angalau kitu kimoja katika gari hili kina adabu.

Wakati huo huo binti akaita kutoka nyuma ya gari.

"Baba, umefunga breki?"

"Nimefunga."

Akauliza, zote? Nikajibu, mpaka mwisho.

Nikasikia mawe yanavutwa kutoka chini ya magurudumu. Kabla sijafumbua mdomo alikuwa kwenye usukani, anacheka, anasema basi tujaribu mpaka getini tu. Akawasha. Gari likaanza kuteremka. Akakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka sakafuni. Akakanyaga tena. Hakuna kitu. Tukalipita geti.

Niliona kila kitu. Ukuta wa jirani. Mama yake anakimbia nyuma yetu, kiatu kimoja mguuni. Shemeji anarusha ndoo yake mbele ya gurudumu na ndoo inapasuka. Na pale chini, barabara kuu na malori yake. Nilitaka kumwambia mwanangu aruke nje, sauti haikutoka. Mkono tu ulitoka, ukamkaba kifuani usitake kumwachia.

Yeye hakupiga kelele. Alipachika gia ndogo, gari likaguna, akakata kona ya kulia, tukaingia pua kwenye lundo la mchanga la jirani anayejenga. Mchanga ukamwagika juu ya boneti.

Binti akageuka. Midomo imepauka. Akasema mimi nilimwambia nimefunga. Nikamwonyesha breki ya mkono, bado iko juu, nimeishikilia. Akaitazama. Akatazama uso wangu. Kumbe yeye alikuwa anauliza kama nimevifunga vile viatu kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa havikuwepo, mafuta yote ya breki yalimwagikia huko, hata za mbele zikafa. Na hiyo ya mkono, ambayo hubana ya nyuma tu, haikuwa na kitu cha kubana.

Akaanza kucheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, akalala begani kwangu akitetemeka. Alisema hakuogopa kufa yeye. Aliogopa ataniua mimi.

Nikamwambia hayo ndiyo maneno yangu. Nimekuwa nayo tumboni tangu lori lile.

Akasema anajua. Mjomba alishamwambia siku nyingi.

Jumapili, 11 Agosti

Mtaa mzima umekuja kuutazama mchanga. Shemeji anahadithia, amekalia kreti. Kwa mwoga kumekwenda kicheko kweli, ila anayechekwa ni mwoga mwenyewe.

Mchana binti alinikalisha kwenye gurudumu la nyuma. Alishika springi yeye, mimi nikashika mikono yake, na viatu vikaingia. Tukafunga vyote. Tukatia mafuta mapya. Tukasukuma gari, akakanyaga, likasimama pale pale. Nilijisikia fahari. Naliandika hapa: nilijisikia fahari.

Kisha akanitaka niape. Hakuna tena kuficha vitu, hakuna tena kunong'ona na wauza vipuri, na nikiogopa niseme naogopa. Nikaapa. Niliapa kutoka moyoni, na machozi yalinilengalenga. Mimi sasa ni mtu mpya. Na uongo simwambii tena mwanangu, hata mdogo.

Jumatatu, 12 Agosti

Likizo imekwisha, binti kaenda shule. Akirudi tunatoka, safari hii mpaka barabara kuu. Getini aligeuka akaniomba kazi moja tu: betri ilikuwa inachajiwa ndani, basi nimfungie betri ili akifika tuondoke.

Nikasimama sebuleni na betri mikononi. Kutokea barabara kuu nikasikia lori likipiga honi.

Kiapo ni kiapo. Nimefanya alichoniomba, neno kwa neno. Nimefunga betri. Iko ndani ya kabati la nguo, nyuma ya mablanketi, kwa kufuli mbili, na funguo ziko ndani ya soksi niliyovaa.

Nasikia geti. Anaita kutoka uani, anauliza kama nimefunga.

Nimefunga, mwanangu. Nimefunga.