Muuguzi Diễm Ameimaliza Sauti ya Kata Yetu

Ndugu Mwenyekiti wa Kata, pamoja na yeyote anayekufungulia barua zako,

Poleni na maandalizi ya mwaka mpya wa Tet. Mimi ni Lê Bá Khởi, yule kijana msafisha masikio mwenye kiti cha plastiki pembeni ya kinyozi Mzee Thạnh, ukutani nyuma ya soko. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa simu na kwa masikio ya mjomba, ambaye bado yuko hai. Nakuandikia kwa heshima zote lakini mbio mbio, maana kata inaangamia.

Unakumbuka asubuhi ile Muuguzi Diễm wa kituo cha afya alipopewa spika ya matangazo ya kata: "Wazazi wangu, kaka na dada, acheni kuchokonoa masikio. Nta inatoka yenyewe. Futeni kwa nje tu na kitambaa chenye unyevu, basi." Basi, wateja wakapotea. Nikaamua kumjibu kwa vitendo. Tangu siku hiyo nayachokonoa yangu kwa vijiti vya pamba asubuhi na jioni, nimesimama mlangoni, kila mtu aone.

Na tangu siku hiyo hiyo kata yetu inapoteza sauti. Ushahidi huu hapa:

1. Spika yenyewe. Iko juu ya nguzo, inatazama dirisha langu. Zamani ilikuwa inanirusha kitandani alfajiri. Sasa inanong'ona kama mtu anayemsengenya mkwe wake.

2. Jogoo wa Mzee Thạnh. Anapanda juu ya tenga, anafumba macho, anapanua mdomo, hakitoki kitu. Nimemhurumia, nikampa wali wangu.

3. Pikipiki zimeacha kupiga honi. Ndugu Mwenyekiti, hapa kwetu penye honi usiku na mchana. Jana pikipiki moja ilinipitia nyuma mpaka ikaondoka na ndala yangu, na dereva akabaki anachezesha mdomo kwa hasira. Masikini, hata tusi halimtoki.

4. Mama yangu ananiita chakula kwa kunigonga kichwa na vijiti vya kulia wali.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mama muuza samaki wakavu alikaa kwangu, nikamtia unyoya wa bata sikioni, akaanza kupanua mdomo. Nikajua raha imemkolea, nikaongeza. Akainuka akaondoka na unyoya wangu. Mzee Thạnh, naye koo limeshaziba, akaniandikia kwa sabuni juu ya kioo: "Kakwambia inatosha, we unazidisha. Rudia uone, kiti chako nampa muuza kahawa wa hapo pembeni." Sina kazi nyingine, Ndugu Mwenyekiti. Nina kiti hicho tu.

Sababu nimeigundua mwenyewe. Watu wameacha kuchokonoa, nta inakosa njia ya kutokea, inateremka kooni, inaziba sauti. Utaniuliza, jogoo je? Jogoo anaisikiliza spika kuliko sisi wote. Pikipiki bado naendelea na uchunguzi.

Kwa hiyo naomba Dada Diễm anyang'anywe spika, wakazi wote wapange foleni kwangu kabla ya Tet, wazee kwanza, na kiti changu kitangazwe mali ya umma, muuza kahawa asikiguse.

Nisalimie nyumbani kwako, na mlinzi wa ofisi yako pia. Mimi namsalimia kila nikipita, haitikii. Koo lake tayari limeziba.

Wako katika kuitetea kata,
Lê Bá Khởi

N.B. Kabla sijaileta barua hii, Mama alinivuta shati hadi kituoni. Dada Diễm akanimulika kwa tochi, akaita wenzake waje waone. Akanipa matone ya kulainisha nta, na niliporudi baada ya siku chache akanitoa pamba, kipande kila upande, imeshindiliwa na nta kama kizibo cha chupa. Sauti ya kwanza kuisikia ni ya Mama: "Si nilikwambia toka mwanzo, we ng'ombe, unajiziba mwenyewe?" Kumbe alikuwa anaongea muda wote.

Barua naileta hivyo hivyo, karatasi ilikuwa nzuri. Maombi yote nayafuta, hata la kiti. Mzee Thạnh kasema nibaki nacho, ila nioshe vichwa tu, na masikio niyafute kwa nje. Jogoo nimemwambia wali wangu aurudishe.

Ila hiyo spika, Ndugu Mwenyekiti, nakuomba sana, igeuzwe imtazame muuza kahawa.