Nilitaka Ijumaa, Nikapewa Faili

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

YAH: KURUDISHIWA FAILI MOJA TU

Natumai barua hii inakukuta mzima huko ghorofani. Sisi wa chumba cha usahihishaji, huku chini karibu na mashine za kuchapia, tu wazima wote isipokuwa mimi.

Namlalamikia fundi wako, yule mama tunayemwita Bi Akiba kwa kuwa ndiye mtunza nakala za akiba za kompyuta zetu. Kosa lake ni kwamba aliifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Naomba unisikilize kabla hujacheka.

Jumatatu nilikuwa nikisahihisha kitabu cha sayansi cha darasa la nne. Kwenye ukurasa wa mifugo nikamwona ng'ombe mwenye chuchu tano. Mchoraji wa kitabu hicho ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anayekaa meza ya dirishani katika chumba cha pili. Ningeweza kuinuka nikamwambia. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amenisema mbele ya watu kwa kuchelewesha kurasa, na moyo ulikuwa bado unafukuta. Kwa hiyo niliandika kwenye sehemu ya maoni, ambayo husomwa na ofisi nzima: “Aliyemchora ng'ombe huyu hajui kuangalia. Asiyejua kuangalia atafute kazi nyingine.”

Baada ya kutuma, ndipo nikaikuza picha. Chuchu ya tano ilikuwa ncha ya mkia.

Nikawahi kuyafuta maoni yangu. Kwa haraka yangu, nikafuta kitabu. Maoni yakabaki palepale, kwa sababu, kama nilivyoelezwa baadaye, hukaa mahali pengine ndani ya kompyuta hiyohiyo, na mwandishi wake hana ruhusa ya kuyagusa.

Nilipanda ngazi hadi kwa Bi Akiba nikiwa na jasho na pia, sikufichi, na tumaini. Kompyuta yetu ya vitabu, nijuavyo, si kitu cha kushikika. Ni kompyuta pepe, inaishi ndani ya mashine kubwa iliyo katika chumba chenu cha baridi, na kila jioni ya siku ya kazi hupigwa nakala nzima-nzima. Nikamwomba airudishe yote ilivyokuwa Ijumaa. Kitabu kingerudi, na maoni yangu yangekuwa hayajaandikwa. Kwamba shemeji alikuwa ameshayasoma nililijua. Nilitegemea yakitoweka nitaweza kumwambia aliota.

Bi Akiba aliniangalia juu ya miwani. Akauliza, “Unataka faili, au unataka Ijumaa?”

Nikamjibu kwamba nataka faili, ila kwa njia ya Ijumaa. Hakubishana. Aliifungua nakala ya Ijumaa pembeni, bila kuigusa kompyuta inayotumika, akaingia ndani yake kama mtu aingiaye stoo, akapita folda moja baada ya nyingine, akakichukua kitabu changu peke yake, akafunga. Chai niliyokaribishwa ilikuwa bado haijapoa. Malalamiko yangu basi ni haya:

1. Sikupewa muda wa kuteseka. Wenzangu walikuwa wameanza kunionea huruma, na hata shemeji, niliyemwona kupitia mlango ulio wazi nikielekea ngazini, alikuwa amenyanyua uso kwenye meza yake. Kitabu kiliporudi ghafla vile, huruma ikaisha, na shemeji akauinamisha uso tena.

2. Nimeambiwa kwamba kuirudisha kompyuta nzima kungepoteza kazi zote za wenzangu za Jumatatu: jalada la kitabu cha jiografia, ramani, na sura nzima aliyoihariri dada wa meza ya jirani. Nimelipima jambo hilo kwa haki na naona hasara ni ndogo. Wao wanaweza kuandika upya. Mimi sina namna ya kumwandika shemeji upya. Huyu ndiye aliyetuchorea ukuta wa chumba cha binti yetu alipozaliwa, twiga na watoto wake, na mtoto hadi leo halali kabla hajawaaga mmoja mmoja. Jana nilikaa mbele ya ukuta ule nikajaribu kutafuta kosa. Sikuliona.

3. Mke wangu hakugomba. Aliniuliza tu kama nimeshaomba radhi, nikamjibu kwamba suala liko kwa mafundi. Tangu hapo ananipakulia chakula, kisha anakwenda kula chake jikoni. Naomba kitengo chako kitambue kwamba hili limeingia katika majukumu yake.

4. Kama Bi Akiba anaweza kuchomoa faili moja kutoka ndani ya siku nzima na mengine yasitikisike, kwa nini asipelekwe chumba cha pili, akachomoe sentensi mbili tu kutoka kichwani mwa shemeji? Akishindwa, basi ofisi yote irudishwe Ijumaa, pamoja na watu wake. Mimi niko tayari kurudi wa kwanza.

Nimewahi kufikiria kwenda hadi meza ya dirishani na kusema nimekosea. Ni hatua chache. Nimeona ni rahisi zaidi kukuandikia wewe.

Nisalimie mafundi wote, pamoja na yule wa nyaya asiyependa kusalimiwa. Bi Akiba pia, ila kwa ubaridi.

Wako katika kufuta na kurudisha,

Msahihishaji, chumba cha chini

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, shemeji amekuja mwenyewe, akasimama mlangoni na kuniambia nifungue ukurasa wa mifugo. Amemchora ng'ombe upya, mkia umesogezwa pembeni kabisa. “Hata mimi nilipouangalia tena niliona chuchu,” amesema. “Macho yetu sote yanazeeka.” Nimemwomba radhi kwa sauti ambayo nadhani hata mashine za kuchapia zimeisikia. Kwa hiyo, ndugu yangu, tafadhali msiturudishe Ijumaa. Na kama mmeshaturudisha, naomba Bi Akiba, kwa heshima zote, aingie katika nakala ya leo anitolee faili moja tu: ng'ombe.