Siga Mbili na Kibaraza cha Jackton

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya saa nane imenyesha saa nane kamili. Katika kambi hii ya wafanyakazi wa chai hakuna mwingine anayetimiza ahadi, mimi nikiwemo.

Jackton Oyugi anaondoka. Miaka ishirini na saba tumeishi nyumba mbili zinazotazamana, yeye Mjaluo wa Nyakach, mimi Mkisii wa Nyamarambe, na kati yetu kamba moja ya kuanikia nguo. Sasa moyo wake umepanuka, miguu imevimba, daktari amesema kazi basi. Wikendi hii anarudi kwao, yeye na mkewe Loice na kuku wao sita.

Nimeamua. Hatapakiwa kwenye lori kama gunia la viazi. Nitamwandalia alasiri ya wiski na siga.

Sababu tunaijua sisi wawili. Mwaka wa tisini na nane tulikuwa vijana wa kufyeka ua wa meneja. Kila Jumapili baada ya chakula meneja alikaa kwenye veranda, glasi ya wiski mkono mmoja, siga mkono wa pili, ile sigara nene kama kidole gumba, akitazama chai yote mpaka msitu wa Mau bila kusema neno. Sijaona tena mtu aliyepumzika vile. Sisi tukarudi kambini, tukajimiminia turungi, chai isiyo na maziwa, iliyopoa, tukasokota majani makavu ya mgomba, tukakaa kibarazani kwa Jackton tukitazama choo cha jirani. Tukaapa kwamba siku moja tutafanya ya kweli.

Jioni ameniita kutoka kwake, nivuke tunywe chai. Nimemwambia bado, kuna kitu kinapikwa. Akataka kujua, omera, yaani ndugu yangu, tangu lini mimi napika.

Jumanne, 4 Machi

Kericho mjini. Redio imeenda, nimemuuzia fundi. Badala yake nina wiski chupa mbili na siga mbili ndani ya mfuko wa karatasi.

Moureen wa duka la vileo amenifundisha mengi. Wiski nyepesi na siga nyepesi. Wiski yenye moshi na siga nzito. Usivute kama unakimbizwa, mzee, aliniambia, na moshi usiumeze. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye veranda. Mwisho akanionya siga zikae mahali penye unyevunyevu, zisikauke kabisa.

Hapo nilicheka kimoyomoyo. Mimi msaidizi wa mwonjaji chai kwa miaka kumi na tisa, nifundishwe habari za jani na mtu wa dukani! Jani lenye unyevu huota ukungu. Hilo hata kuku wa Loice wanalijua.

Narudi, nakutana na Kebaso akitoka kwa Jackton na chupa ya chai mkononi. Kebaso ni msimamizi wa draya, mashine kubwa ya kukaushia chai, pale kiwandani, na ndiye aliyenishinda uenyekiti wa kambi kwa kura tatu. Kumbe huenda kwa Jackton kila jioni na hiyo chupa yake. Nikamuuliza kwa heshima, mtu ametoka kazini akinuka chai miaka ishirini na saba, unampelekea chai? Akanijibu kwamba hawanywi sana. Wanakaa tu.

Kebaso hana ubunifu. Nashangaa zile kura zilitoka wapi.

Jumatano, 5 Machi

Loice amekuja kumsaidia mke wangu Nyamusi kupukuchua mahindi. Nikamdokezea mpango. Akasema daktari amekataza pombe na tumbaku, hata kunusa. Nikamhakikishia kwamba Jackton atashika tu. Meneja mwenyewe muda mwingi alikuwa ameshika tu.

Loice akaweka gunzi chini. Akasema Jackton haulizii mpango, ananiulizia mimi. Kila jioni anageuza kiti kielekee mlango wetu. Kusikia hivyo nilifurahi sana. Hamu inapanda. Nikamwambia amwambie Jumamosi alasiri.

Alianza kusema kitu kuhusu hiyo Jumamosi, nikainua mkono. Jambo la kushtukiza halijadiliwi. Basi akamwambia Nyamusi, na Nyamusi naye akawa ananiambia wakati nasugua glasi kwa majivu. Glasi ikisuguliwa vizuri inapiga kelele. Sikusikia, nikaitikia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya maandalizi ya kitaalamu. Sampuli za chai zilipokwisha na mwonjaji mkubwa akaenda kula, nilipanga vikombe vyeupe kwenye meza ya kuonjea, nikamimina wiski zote mbili. Kijiko, kuvuta kwa nguvu mpaka mdomo upige filimbi, kuzungusha, kutema ndooni. Kwa njia hiyo hakuna jani linaloweza kumdanganya mtu.

Ya kwanza: nyepesi, tamu mwishoni, haina mwili, haijazi mdomo. Ya pili: moshi mwingi, kama chai iliyoungua kwenye draya. Kwetu hilo ni kosa la kuitwa ofisini. Wenzetu wanalibandikia lebo ya dhahabu.

Nikakumbuka kwamba sampuli huonjwa pia na maziwa. Sitaandika kilichotokea.

Nilirudia raundi nne ili niwe na hakika. Nilipoangalia, chupa moja ilikuwa imeisha na ya pili imebaki nusu, yote imo ndooni. Nyumbani Nyamusi alinusa koti langu, akauliza Baba Moraa, sasa umerudi huko? Nikamwapia kwamba sijameza hata tone. Akasema huu ni mwaka wa ishirini na mbili wa ndoa na leo ndiyo mara ya kwanza nimelitii kanisa, tena kwa bahati mbaya.

Jackton ameniandikia kwenye simu: Njoo leo, mvua imekata. Nikamjibu: Vumilia. Jumamosi.

Akaandika tena: Jumamosi? Sikujibu. Nilikuwa na usingizi wa ajabu kwa mtu ambaye hajameza tone.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Mchana nilizibonyeza siga. Laini! Zinabonyea kama mkate. Nikajua Moureen ameniuzia jani ambalo halijakamilika, ndiyo maana alitaka nizifiche kwenye unyevu. Saa nane nikazipeleka kiwandani, kwenye ile mashine ndogo ya kukaushia sampuli. Kebaso hakuwepo. Vijana wake wawili pia hawakuwepo. Nilishukuru, maana Kebaso angeuliza maswali. Nikazipa dakika ishirini. Hazikuniridhisha, nikaongeza ishirini.

Zilitoka nyepesi, zikilia kama bisi. Moja ilivunjika kiunoni, nikaifunga kwa selotepu. Nilikaa hapo mpaka saa kumi na moja nikiishikilia ikamate.

Nilipofika kambini niliona alama za matairi kwenye matope, kati ya nyumba yangu na ya Jackton. Kamba ya nguo imefunguliwa upande wao, imelala chini. Madirisha hayana mapazia. Hakuna kuku.

Lori lililowabeba ni la Onyiego. Onyiego ni mzee wa kanisa la Sabato, haendeshi gari Jumamosi hata akiombwa na askofu, na Ijumaa lazima awe nyumbani kabla jua halijazama. Jambo hili kila mtu wa kambi analijua. Mimi nilibatizwa mtoni nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilikua nikiona mama akipika chakula cha Sabato Ijumaa mchana. Sikufikiri. Nyamusi anasema aliniambia mara mbili, na mara zote mbili niliitikia mhm.

Lori lilikuwa liondoke saa nane. Jackton alilizuia. Alikataa kuinuka kwenye kiti chake cha kibarazani, akisema Sagini, yaani mimi, yuko njiani. Kebaso na vijana wake walipakia kitanda, kabati, kuku. Onyiego akatazama jua. Saa tisa na nusu kikabaki kile kiti tu, wakamwinua taratibu, wakapakia na kiti.

Nyamusi alikuwa amenipigia simu mara tano. Simu ilikuwa kwenye koti, na koti nililivua kwa sababu mashine ina joto.

Ukingoni mwa kibaraza kuna glasi mbili, zimefunikwa visahani. Moja tupu. Nyingine imejaa turungi, imepoa, imefanya utando juu. Kando yake majani mawili makavu ya mgomba, yamesokotwa na kufungwa kwa uzi mweusi wa Loice. Moja lina alama za meno.

Nikakaa. Nikaionja ile turungi jinsi mkono na mdomo vilivyozoea: kuvuta kwa nguvu, kuzungusha, kutema.

Nikatazama pale nilipotema. Kisha nikanywa iliyobaki, yote, polepole, nikameza.

Jumamosi, 8 Machi

Alasiri. Nimekaa kibarazani kwa Jackton na nusu chupa ya wiski na siga mbili. Ya kwanza nilipoiwasha ilishika moto kama karatasi, ikaisha kabla sijaketi vizuri. Ya selotepu ilinuka selotepu. Choo cha jirani bado kipo.

Saa nane mvua.

Kebaso alitoka kanisani na tai yake, akavuka na ile chupa ya chai, akakaa sakafuni karibu nami. Akanimiminia. Nilikunywa vikombe viwili. Chai ya kawaida, daraja la pili, imechemshwa kupita kiasi. Alipoinuka nilimwambia akiwa na nafasi kesho aje nayo. Asidhani ni mambo ya kura.

Jumapili, 16 Machi

Jackton amepiga simu. Sauti imekuwa nyembamba, anapumzika katikati ya maneno kama mtu anayepanda mlima. Hajakasirika. Akaniuliza turungi ilikuwaje. Nikamwambia ilikosa mwili kidogo. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema kutoka kwenye kiti chake anaona ziwa. Niende, hata kesho, mikono mitupu, Loice atachemsha maji.

Kisha Loice akachukua simu, akasogea pembeni, nikasikia kuku. Akaniambia shemeji, daktari wa Kisumu amesema tusihesabu miezi.

Nimeelewa. Nimeelewa kabisa, ndiyo maana safari hii sitafanya makosa. Moureen ameahidi siga halisi kutoka Nairobi mwishoni mwa Aprili. Alirudia kwamba zikae kwenye unyevu, na sasa namwamini. Pia ana glasi zenye kitako kizito, kama za meneja. Nikampigia tena Jackton, nikamwambia atarajie tarehe tatu Mei, saa nane alasiri.

Nikasikia akivuta pumzi. Halafu akasema sawa, omera.

Nyamusi ameweka viatu vyangu mlangoni, vimepakwa rangi, na koti juu yake. Anasema gari la Sondu, la kwenda kwa kina Jackton, linaondoka saa sita, nikitaka nalipata. Nimemwomba avirudishe. Nitamwendeaje Jackton mikono mitupu, baada ya yale yote?

Kitambaa cha kufungia siga nimeshakiloweka.