Mandasi za "Sisi" na "Nyinyi"

Leo nimeaibika, na hasira bado ninayo. Msinipigie simu. Someni tu.

Mnajua tunaandika somo la historia ya vita vya kwetu Kongo, kwa ajili ya watoto wa shule yetu hapa kambini Dzaleka. Darasa moja lina watoto wa pande zote. Wazazi walishatuonya: somo likiegemea upande, wanawatoa watoto wao. Basi mimi, mkuu wa kamati ya kuandika (nilijiteua mwenyewe), nikaweka sheria. Mwalimu akisema "wavamizi" au "wakombozi", ananunua mandasi (mandazi ya huku Malawi) za kamati nzima. Akisema "sisi" na "nyinyi", mandasi pia. Mwenzangu, Mwalimu Elia, amenilisha mwezi mzima. Nilikuwa nazila huku nikimtazama machoni.

Asubuhi nilikwenda Lilongwe, mtaa wa Mchesi, kutoa fotokopi za somo. Umeme ukakatika! Nikasubiri juani, nikarudi na njaa (ikumbukeni hiyo njaa, ndiyo utetezi wangu). Wazazi walikuwa wameshajaa darasani kulisikiliza somo. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Katika kipindi hicho, baadhi ya nyumba ziliungua, na baadhi ya watu walihama."

Mama Neema akanyoosha mkono. Kijiji chao na chetu huko Fizi vinatazamana, mto tu katikati.

"Mwalimu, nyumba iliungua yenyewe?"

"Mama, tunatumia lugha isiyoegemea upande."

"Sawa. Ile moto ilitoka wapi? Nyumba ilijisahau ku jiko?"

Watu wakacheka. Hasira ikanipanda. Mwezi mzima nimepima kila neno, halafu nachekwa!

"Mama, acha mi nimalize."

"We maliza. Lakini mtoto yangu ataniuliza nani alichoma nyumba ya bibi yake. Nimwambie 'baadhi'?"

"Nyumba ya bibi yake! Na ya baba yangu je? Nyinyi njo mulianza! Nyinyi watu ya ng'ambo ya mto mulivuka na moto wakati sisi tuko kanisani!"

Nilitamani ardhi inimeze, na fotokopi zangu zote.

Kutoka nyuma, Mwalimu Elia, taratibu kabisa: "Nyinyi mara mbili. Sisi mara moja. Mandasi, chef wa kamati!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Neema peke yake hakucheka. Alisimama, nami nikajua mtoto anaondoka, na wengine watamfuata.

"Sasa njo umesema," akaniambia. "Na mi niko na yangu. Andika ya kwako, andika ya kwangu, weka na jina ya kila kijiji. Neema atabaki." Akakaa. "Na mandasi, wazazi pia tunakula."

Hapa nilipo niko kwenye kibanda cha mandasi, naagiza za darasa zima, na mama muuzaji ananiuliza ni harusi ya nani. Atakayecheka namwingiza kwenye somo, kwa jina lake kamili.