Ndege Iliyolala Ziwani

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kasema moyo umechoka. Kasema kama fundi anayezungumzia betri. Binti yangu kapiga marufuku chumvi, ngazi na mishtuko. Basi niseme lililo moyoni kabla moyo haujazimika.

Nimeficha jambo. Kituo cha Saba hakina ushahidi wowote duniani isipokuwa mdomo wangu.

Nieleze, maana nikifa wataulizana. Sisi ni chama cha wapenzi wa ndege za zamani. Tunakutana chumba cha nyuma cha Fundi cherehani, mwenyekiti wetu, katikati ya suruali za watu, na kuulizana maswali. Ndege gani ya abiria gurudumu lake la mbele lilikaa upande badala ya katikati? Trident! Wazee wengine wana mashamba. Sisi tuna maswali haya.

Miaka mingi iliyopita Fundi aliuliza: ndege kubwa ya abiria yenye injini nne, zote mkiani? Nikajibu VC10. Makofi. Ndipo Injinia akainuka pole pole, akafuta miwani, akaongeza: na Ilyushin 62. Makofi zaidi! Injinia ametengeneza ndege maisha yake yote. Mimi nimefundisha Kiswahili. Sikulala.

Mkutano uliofuata nikaja na changu. Ile njia ya kale ya ndege za kutua majini, vitabu vyote vinataja vituo sita. Nikasema kipo cha saba. Hili ziwa letu, hapa nje ya mji! Ndege kubwa nyeupe ilitua jioni, ikalala, ikaondoka alfajiri. Nimeambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake. Kisha makofi ambayo sikuyapata hata siku ya harusi yangu.

Sasa chama kinasimamisha jiwe kando ya ziwa. Jina langu litachongwa. Siwezi kuingia kaburini na kuacha jiwe la uongo nyuma yangu. Jumamosi nitawaambia wote. Nimeamua. Najisikia mwepesi.

Jumanne, 5 Machi

Siamini! Fundi alipita asubuhi na futi yake shingoni, anacheka peke yake. Kasema shahidi kapatikana. Injinia! Eti alipokuwa mtoto baba yake alimpeleka ziwani, akaiona ndege imelala juu ya maji. Eti alisikia harufu ya mafuta.

Nilikaa kitandani nikashika ukuta. Mtu anaonaje kitu nilichokiunganisha mwenyewe kwa ulimi wangu? Mwongo! Tena mwongo anayejenga kwenye kiwanja changu!

Jiwe litasomeka hivi: jina la Injinia juu, aliyeshuhudia. Langu chini, aliyesimulia. Aliyesimulia! Kama bibi na sungura wake.

Kukiri sasa hakuwezekani. Nikikiri, yeye ataonekana mzee aliyechanganya kumbukumbu, mimi ndiye nitakuwa tapeli. Mpango mpya. Jumamosi nitamhoji mbele ya watu mpaka ajikwae. Kituo kibaki, shahidi aondoke.

Binti kapima presha. Kaniuliza nimekula nini.

Jumatano, 6 Machi

Tumepata mwanachama mpya. Mimi ndiye katibu, kaja kwangu. Mkunga mstaafu, mwanamke mrefu, sauti ya kuamuru watu wasukume. Kaja na darubini na kitabu chenye picha za manyoya.

Manyoya!

Kisa ni kibao chetu. Mchora vibao alianza na herufi kubwa mno, akaandika WAPENZI WA NDEGE, ubao ukaisha. "Za zamani" haikupata nafasi. Mama wa watu anadhani tunapenda kunguru.

Sikumwambia. Wanachama wanatupungua, na hawapungui kwa kuhama. Nikamsajili. Akauliza jiwe la ziwani ni la nini. Nikajibu kwa ufupi kwamba zamani ilitua ndege kubwa.

Akanikazia macho. Akasema kwa upole, kama ninyi walimu hamuudhiki, ndege hutua kwa "a". Alitua. Ndege mkubwa.

Kanisahihisha! Mimi! Nimewatoa watoto jasho kwa upatanisho wa kisarufi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Jasho jembamba likanitoka mgongoni. Nikamwambia mvua inakuja. Jua lilikuwa linawaka.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa.

Nilimhoji Injinia mbele ya wote. Madirisha yalikuwaje? Akajibu ya mviringo, moja lina pazia. Ilifungwaje isichukuliwe na upepo? Kwa kamba mbili, akasema, na ya kushoto ilikuwa imeanza kukatika nyuzi. Abiria walilala wapi? Wengine humo humo, na mama mmoja alikohoa usiku kucha. Mama aliyekohoa! Kila swali langu likawa tofali la nyumba yake. Watu wakampigia makofi. Hata mimi, mkono mmoja ulijisahau ukapiga.

Mkunga akanyoosha kidole akauliza: huyo ndege alikula nini?

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Injinia akamjibu kwa heshima, "Ilikula mafuta, dada." Mkunga hakucheka. Akasema yeye analijua ziwa lile. Kitu kikubwa cheupe kinachotua jioni, kikalala majini na kuondoka alfajiri, ni mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo. Wakacheka tena. Mwenye suruali iliyokuja kupunguzwa kiuno naye akacheka, na hata si mwanachama.

Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikapaliwa, na Mkunga huyo huyo ndiye aliyeinuka kunishika mapigo ya moyo.

Jumapili, 10 Machi

Injinia kaja nyumbani. Binti kampa kiti kizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nimeyapanga kwa silabi. Hakunipa nafasi.

Akafunga mlango. Akasema, "Mwalimu, mimi sijawahi kufika kwenye lile ziwa."

Nilihisi godoro limeondoka.

Akaeleza huku anaangalia viatu vyake. Wiki iliyopita, mimi nikiwa hospitali, Fundi alitaka kukifuta Kituo cha Saba. Hakuna shahidi, hakuna jiwe. Wanachama wakaanza kunong'ona kwamba Mwalimu alijitungia. Binti yangu alikuwa amemwambia kwamba daktari kakataza mishtuko. Basi akainuka akasema, mimi niliiona. Likatoka tu. Na uongo ukishatoka, akasema, unadai madirisha, unadai kamba.

Kumbe! Kumbe mwizi wangu alikuwa mlinzi wangu! Nikabaki mdomo wazi kama mlango wa hangari.

Kisha akaniambia lililomleta. Kazini, mtu akimaliza kukagua ndege hutia sahihi kwamba inafaa kuruka. Injinia hakuwahi kutia sahihi ndege ambayo hajaigusa kwa mikono yake. Alifukuzwa kazi mara moja kwa kukataa, bosi amesimama pale, abiria wamekwisha panda. Na sasa ametia sahihi ndege yangu bila kuigusa. Usiku hapati usingizi. Mkewe anamuuliza ana nini.

"Niambie kitu kimoja tu, kaka," akasema. "Aliyekusimulia aliiona kweli?"

Nikasema aliiona. Ni mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwanamke asiyejua kutia chumvi hata kwenye chakula.

Injinia akavuta pumzi ndefu. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi sijasema uongo. Nimeazima tu macho ya mama mkwe wako."

Akala uji wangu wote. Binti akafurahi, akadhani ni mimi.

Jumanne, 12 Machi

Dhamiri imeniamsha. Siwezi kumwacha rafiki kama yule abebe dhambi kwenye jiwe. Njia ya kumwokoa ni moja: jina lake lifutwe. Libaki langu pekee. Mzigo wote niubebe mimi. Nililia kidogo kwa wema wangu.

Nikamtoroka binti kwa teksi mpaka kwa fundi wa mawe anayechonga jiwe letu. Vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nikamweleza afute jina la Injinia. Akaniangalia kama niliyemwomba arudishe yai ndani ya kuku. Mzee, akasema, jiwe halina kifutio. Akavuta turubai nijionee.

Nikasoma. Nikatafuta pa kukaa.

HAPA ALITUA NDEGE MKUBWA.

Alitua! Mkubwa! Limechongwa, limepigwa msasa, linang'aa! Fundi wa mawe akasema kwa fahari kwamba karatasi ya mwenyekiti ilikuwa na makosa ya lugha, bahati nzuri mama mmoja mwenye darubini alipita akayasahihisha.

Nikamwambia ni kosa. Akakataa. Akaniuliza, mzee wangu, kwani kuku hutua kwa "i"? Nikapandisha sauti. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Moyo ukaruka kama gari bovu. Mwisho akachukua saruji nyeupe, akaiziba A akachonga I juu yake. Akaiziba na M. Nilisimama pale pale mpaka ikakauka.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipokumbuka kwamba nilikwenda kwa ajili ya jina la Injinia.

Jumamosi, 16 Machi

Limezinduliwa. Fundi alikata utepe kwa mkasi wake wa kazi. Binti kanishika mkono muda wote. Ziwa lilikuwa limetulia, na Mkunga peke yake alilipa jiwe mgongo, darubini machoni, anaangalia maji.

Niliombwa kusema machache. Nilikuwa na hotuba ya kukiri mfukoni, ukurasa mzima, upatanisho safi. Nikainuka. Nikamwona Injinia mstari wa mbele kavaa suti. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba bila shaka ndege ile ilirudi pia, na safari ya kurudi lazima nayo ilikuwa na kituo mahali fulani. Makofi! Kamati ya Kituo cha Nane imeundwa papo hapo. Mimi mwenyekiti.

Watu walipotawanyika Injinia alibaki kwenye jiwe. Alipitisha kiganja juu ya kila herufi, moja moja, kama anayetafuta ufa kwenye bawa. Alipofika kabla ya KUBWA akasimama. Akauliza pale palikuwa na nini. Nikasema fundi wa mawe alikosea herufi. Akaigonga saruji kwa kucha, akasikiliza. Akatikisa kichwa kukubali. Akaniambia usiku huu atalala.

Mkunga akapita kando yangu. "Yule fundi alikuwa amepatia, Mwalimu," akasema. Nikajifanya masikio yamekufa. Umri una faida zake.

Sasa nimelala, binti kazima redio, na moyo unapiga unavyotaka. Nilimalize.

Mama mkwe alikuwa anaosha vyombo. Mimi nilikuwa nakausha, ili anione mkwe mwema. Alinisimulia bila kugeuka kwamba alipokuwa msichana ndege mkubwa mweupe alitua ziwani jioni, akalala, na alfajiri akaondoka na samaki tele kwenye mfuko wa shingo yake.

Alisema alitua. Alisema mkubwa. Ni mimi niliyemsahihisha.