Miguu Yangu na Ngazi za Malindi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kliniki ya sukari. Nesi Nadra kanitaka nikunje mikono kifuani, nisimame kutoka kitini bila ya kujishika. Mara ya kwanza nimesimama. Mara ya pili miguu imekataa. Kisha kanipa chuma cha kubana kwa kiganja, kupima nguvu. Mshale haukujisumbua kutikisika. Anasema nyama za mapaja zimepungua, kwa umri na kwa sukari isiyotulia. Akauliza kuhusu usingizi. Nikajibu nalala usingizi wa pono. Uongo mtupu. Nikishaamka kwenda msalani, natazama boriti mpaka adhana ya alfajiri.

Bahati mbaya binti yangu Yusra alikuwepo. Kasema ngazi za nyumba yangu zitaniua, nihamie kwake Chukwani, nje ya mji. Niache Malindi! Tumepatana kwamba nitapimwa tena Jumatatu ijayo. Nikisimama vizuri, nabaki.

Jirani yangu wa mbele, Bi Badriya, naye ana sukari, na ni mkubwa kwangu. Kapimwa naye leo, kasimama na kukaa kama sindano ya cherehani. Majisifu.

Jumatano, 7 Mei

Nimegundua dawa. Mito miwili juu ya kiti! Nikikaa juu hivyo, kusimama ni kuteremka tu. Jumatatu nitaibeba, nitasema mgongo unaniuma.

Nesi aliagiza mengine pia: nile samaki, mayai na maharage, ninyanyue chupa za maji, nitembee asubuhi, nisilale mchana, nisinywe kahawa baada ya alasiri. Nimeanza na chupa. Nimenunua, nikasikia kiu, nikainywa. Baada ya chakula nilijilaza kupumzisha macho. Nimeamshwa na adhana ya magharibi. Kahawa ilihitajika.

Alhamisi, 8 Mei

Sikulala usiku kucha. Sababu haijulikani.

Bi Badriya kaniita dirishani, anataka twende pamoja kutembea Forodhani. Nikamwambia mimi hutembea alfajiri, watu wote wakiwa bado ndani. Kafurahi sana. Kesho, kasema, atanipitia baada ya sala. Mwanamke huyu hana adabu.

Ijumaa, 9 Mei

Kagonga. Nikamwambia kutoka dirishani kwamba nina homa. Mgonjwa huachwa apumzike. Yeye kapanda ngazi zote na supu ya samaki mkononi, wala hakuhema. Kanikuta juu ya mito yangu miwili, na sahani ya visheti vya sukari mapajani.

Kachukua visheti, kaweka supu. Kisha kauvuta mto mmoja, na mimi bado nimeukalia. Nikamweleza habari za mgongo. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kasema taratibu:

"Bi Mize, ukihamia Chukwani, mimi ntagombana na nani?"

Nilikunywa supu yote. Tukatoka, nikafika pembeni mwa mtaa, nikakaa barazani kwa watu. Kanisubiri. Tukaenda mbele kidogo, nikakaa tena. Mchana kanizuia kulala kwa kunisimulia habari za wakwe zake. Naongeza Jumamosi: usiku nimelala mpaka alfajiri. Bila shaka ni ile homa.

Jumatatu, 12 Mei

Nesi Nadra kauchukua mto wangu uliobaki na kumpa mgonjwa mwenye mgongo wa kweli. Nimesimama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nimerudi kitini kwa kishindo. Kasema nyama hazirudi kwa wiki moja, lakini kaona mabadiliko.

Yusra akafungua mdomo kuhusu Chukwani. Bi Badriya akamuwahi, akamwambia nimetembea naye kila asubuhi na nitaendelea. Kila asubuhi! Mtu wa sala tano! Niliona haya kwa niaba yake. Yusra kakubali nibaki, kwa sharti hilohilo.

Njiani nilishika mkono wa Bi Badriya. Kwa ajili ya utelezi tu.

Jumatano, 14 Mei

Leo sikutoka kutembea. Nina shughuli kubwa zaidi. Kliniki inatafuta mwanamke wa mtaani wa kuongoza mazoezi ya wazee, nami nimepeleka jina langu. Bi Badriya anasema kiongozi hufanya mazoezi pamoja na wenziwe. Hajui uongozi. Mtu hawezi kuhema na kuamrisha kwa wakati mmoja. Fundi ameshachukua vipimo vya sare. Nimemwambia aipanue kidogo kiunoni, nitakuwa nakaa sana.