Maombi ya Kibali cha Kumsalimu Adui Yangu

Kijiji cha Ujamaa Kwembuzi,
Kwa njia ya Soni,
Lushoto.
14 Juni, 1976.

Ndugu Mwenyekiti,
Halmashauri ya Kijiji,
Kwembuzi.

YAH: KIBALI CHA KUMSALIMU ADUI YANGU, NDUGU RAJABU, SAA ZA KAZI

Ndugu Mwenyekiti,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Uniwie radhi kwa kuingia katika shauri bila kukujulia hali wewe, mama watoto na ng'ombe wako. Barua hii utaisoma ofisini saa za kazi, nami sipendi kumtia Mwenyekiti wangu katika kosa. Salamu nimeziweka zote mwishoni, uzisome ukishafunga mlango wa ofisi.

Kwanza nataka ieleweke kwamba mimi si mpinzani wa Halmashauri. Mlipoagiza mbuzi wafungwe, niliwafunga wote, hata yule ajuza ambaye hana tena nguvu za kwenda kokote. Mlipoagiza kila nyumba iwe na choo, nilichimba shimo refu hata Efrazia, mke wangu, akaniuliza kama nakusudia kutokea Mombo. Mawe ya kando ya njia niliyapaka chokaa kwa ajili ya mgeni wa mkoani, na alipoahirisha safari nikayapaka tena, na alipokosa kuja kabisa sikuuliza chokaa imekwenda wapi. Choo cha soko mmekifunga kwa kufuli ili kisichafuliwe, na ni kweli hakijachafuliwa hata siku moja, maana ufunguo anao Mzee Selemani, naye amehamia ng'ambo ya bonde. Sikusema neno. Kujenga nchi si lelemama.

Lakini kwa hili la salamu nimeshindwa kunyamaza.

Siku ile nilikuwepo mkutanoni, benchi la nyuma. Agenda zilikuwa zimekwisha, tumefika kwenye Mengineyo, wakati ambapo watu huanza kutafuta kofia zao. Ndipo akasimama Katibu wetu, Ndugu Yohane, ambaye alikuwa amerudi kutoka semina Korogwe na chaki mfukoni. Akatueleza kwamba sisi watu wa milimani ni wagonjwa wa salamu. Tunaanza na onga makeo ya asubuhi tukiwa bado mbali, tunaulizana habari za nyumba, watoto, mifugo na mahindi, tunapishana, na bado tunaendelea kuulizana tukiwa tumepeana migongo, mpaka mmoja azibwe na kilima. Akapiga hesabu ubaoni, akaonyesha kwamba muda huo ungetosha kulima kutoka hapa hadi tambarare. Likapitishwa hapo hapo. Tangu rimu ya gari inapogongwa asubuhi mpaka inapogongwa jioni, mahali popote kijijini, mtu asisalimu wala asiitikie. Mkikutana, kila mmoja ainue jembe lake juu, apite. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa sababu mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi.

Sasa yameonekana madhara yafuatayo:

1. Lile jembe. Wiki ya kwanza tu lilikuja lori kutoka Soni kuchukua kabichi. Dereva alipoingia kona ya kanisa aliwakuta watu wamejaa njiani, wakaanza kuinuliana majembe kama mlivyoagiza. Yeye ni mgeni, hakuhudhuria kikao. Aligeuza gari mahali ambapo hata punda hageuki, akateremka bila kabichi hata moja. Kabichi zile tumezila sisi, asubuhi, mchana na jioni, na nyumba zote za kijiji zikanuka hivyo. Siasa ni kilimo, hilo sipingi, lakini kilimo bila lori ni mateso.

2. Mgambo. Mlimweka Ndugu Rubeni pale njia panda na filimbi, awakamate wanaosalimiana. Rubeni ni kijana mwaminifu. Lakini njia ile ndiyo anayopita mama mkwe wake, Bibi Paskalina, kwenda kuchota maji. Nakuuliza wewe uliyeoa, Ndugu Mwenyekiti: kuna mwanamume wa kumwinulia mama mkwe jembe? Rubeni alivua kofia, akainama, akamsalimu mama wa watu kwa heshima zote, akamuuliza na habari za miguu yake. Kisha akakumbuka kiapo chake, akajipulizia filimbi. Mmempa adhabu ya kuchimba mtaro, naye anauchimba vizuri sana. Njia panda haina mlinzi.

3. Watoto wa shule wamefurahi. Hili peke yake lingetosha kuifuta sheria.

4. Habari zimekufa. Mtamba wa Ndugu Juma alikata kamba. Juma alipita njia nzima akimtafuta, na kila aliyekutana naye alimwinulia jembe, na wengi wao walikuwa wamemwona mtamba. Zamani angeulizwa habari za mifugo, angejibu si njema, wangemwonyesha. Juma wa watu alitembea mpaka Vuga, akalala huko kwa shemeji yake, na mtamba muda wote alikuwa amefungwa nyuma ya ofisi yako kwa kosa la kuzurura.

5. Hili ndilo linalonikosesha raha, na naomba ulisome polepole.

Kama ujuavyo, mimi na Rajabu ni maadui. Tulianza mwaka wa Uhuru, wenzetu wakicheza ngoma. Mfereji wetu unapita kwake kwanza, ndipo unashuka kwangu, na kila mmoja ana zamu yake ya maji. Zamu yangu ikifika, maji yalikuwa yakinifikia membamba kama mate ya mgonjwa, huku migomba ya Rajabu iking'aa kama imepakwa mafuta. Nilimwambia anatoboa ukingo. Akaniambia mimi ni mtu wa kuhesabia watu mpaka mawingu. Tukaapa mbele ya mashahidi kwamba hatutazungumza neno tena, la mfereji wala la kitu kingine chochote, na tangu siku hiyo kila mmoja wetu ameheshimu kiapo chake. Mchungaji alijaribu kutupatanisha, akashindwa. Shehe akajaribu, akashindwa. Nawataja ili ujue kwamba uadui wetu si wa kubahatisha.

Lakini salamu si mazungumzo. Marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba adui utamnyima maharage, salamu humnyimi. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka yote hiyo, mimi na Rajabu tumesalimiana kikamilifu. Yeye anateremka, mimi napanda. Tunaanza yeye akiwa kwenye mgomba wake wa juu kabisa, tunamaliza akiwa kwenye kona ya mfereji, hanioni simwoni. Na katika salamu hizo mimi nimemjua Rajabu kuliko wanavyomjua marafiki zake. Akijibu njema kwa sauti ya juu, mahindi yake yamekubali. Akijibu njema tu, kuna mtoto anaumwa. Na akikohoa kabla ya kujibu, basi kifua chake kimeamka, na mimi hurudi nyumbani sina hamu ya kula.

Sheria ilipoanza, tukawa tunainuliana majembe. Jembe halikohoi, Ndugu Mwenyekiti. Nilikuwa nikiliangalia jembe lake linavyopanda, nikijaribu kujua kama limepanda kwa shida. Kisha ukungu huu wa Juni uliposhuka, hata jembe silioni tena. Rajabu hapiti. Mkewe akitoka kufua mlango unabaki umefungwa, na kuku wao wanakuja kula kwangu.

Utasema, kwa nini nisimuulize Efrazia, maana yeye na Mwanaisha, mke wa Rajabu, hufua pamoja kila siku. Nikimuuliza Efrazia, atajua kwamba nauliza. Yeye akijua, Mwanaisha atajua kabla ya nguo kukauka, na Rajabu, popote alipo, ataambiwa kwamba Tobia ana wasiwasi juu yake. Nitakuwa nimeshindwa ugomvi wa tangu Uhuru kwa ajili ya kifua cha mtu. Nami kweli nina wasiwasi. Nalisema hapa kwa sababu hii ni barua ya serikali na nategemea itakuwa siri.

Kwa hiyo naomba Halmashauri ituandikishe mimi na Rajabu kuwa maadui rasmi wa kijiji, na itupe kibali cha kusalimiana saa za kazi. Sheria yenu ilitungwa kwa ajili ya marafiki. Marafiki wana jioni, wana harusi, wana pombe ya miwa kwa wanaokunywa. Wasiposalimiana njiani watakutana kwingine. Adui hana pengine. Mkimnyima salamu ya njiani mmemnyima vyote, na zimwi likujualo halikuli likakwisha, bali mimi sasa nimebaki bila zimwi.

Najua Katibu atasema kwamba wengine nao watajitangaza maadui ili wapate kibali. Na wajitangaze. Halmashauri ichunguze kila ugomvi, ikatae ule wa juzi na jana, ikubali uliokomaa. Na hata kama kijiji kizima kitaandikishwa, tutakuwa kijiji cha maadui wanaosalimiana kila asubuhi, wanaojua nani anaumwa na mtamba wa nani amepotea. Naona hiyo ni afadhali kuliko kijiji cha ndugu wanaoinuliana majembe. Tena mgeni akija kutuuliza Ujamaa wetu umefikia wapi, tutaweza kumjibu, maana tutakuwa tumemsalimu.

Mwisho kabisa, mwanangu Abrahamu (naweka cheo kando kidogo, maana nilikubeba mgongoni siku ya ubatizo wako), nakuomba ukiwa kiongozi unitume mimi nyumbani kwa Rajabu kwa shughuli yoyote ya kijiji. Niagize nikakague choo chake. Mtu akitumwa na Halmashauri hawezi kusemwa kwamba amekwenda kwa hiari yake.

Wako katika kazi ya kuijenga Kwembuzi,

Tobia,
mpasua mbao mstaafu wa Shume, na mzee wa kanisa.

(Zisomwe baada ya rimu ya jioni.) Hujambo, mwanangu? Nyumbani hawajambo? Ng'ombe yule mwekundu amepona kwato? Nisalimie mama watoto, nisalimie watoto wote, nisalimie mama yako umwambie ile mbegu ya viazi bado namwekea. Nisalimie wajumbe wote, pamoja na waliounga mkono. Nisalimie Rubeni mtaroni. Nisalimie na Katibu, ambaye naamini hata yeye ana mtu anayempenda na angependa kujua ameamkaje.

N.B. Naandika haya kesho yake. Nilikuwa nimekaa uani natafuta bahasha, mara Rajabu akatokea kwenye migomba. Alikuwa Mombo kwa binti yake Halima, kule kwenye joto, akitibu kifua. Amekonda lakini ni yeye. Alifungua kinywa anisalimu, akakumbuka sheria, akakifunga. Mimi sikuwa na jembe karibu, nikamwinulia kalamu.

Basi akasimama. Mtu aliyefika nyumbani kwa mtu bila salamu hana pa kuanzia, Ndugu Mwenyekiti, ila kwenye jambo lenyewe. Akasema kwamba alipokuwa anapanda, alipumzika pale kwenye kona ya mfereji, mahali ambapo siku zote hupita mbio akinijibu. Akaona tundu la fuko katika ukingo, la zamani, limeota nyasi mdomoni. Zamu yangu ikifika, maji yanaingia humo na kutokea kwenye migomba yake ya chini. Hakuna mtu aliyewahi kutoboa kitu.

Tumekwenda wote kulitazama. Tumeliziba kwa mawe na udongo mwekundu, na tumezungumza mpaka rimu ya jioni, juu ya mambo ambayo salamu zetu zilikuwa hazituachii nafasi ya kuyafikia. Kumbe miaka yote, tukishamaliza kuulizana habari, yeye alikuwa ameshafika kwenye kona. Nililia kidogo, nikamwambia ni moshi wa jikoni. Efrazia anasema yeye na Mwanaisha walimwona fuko huyo siku nyingi wakati wa kufua, lakini sisi tulikuwa tumeapa kutozungumza habari za mfereji, nao ni wanawake wanaoheshimu viapo vya waume zao.

Kwa sababu hiyo naomba sheria isiguswe. Yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja mpaka namba tano, nayafuta, isipokuwa lile la watoto wa shule. Katibu alikuwa na haki, na nimeandika hivyo kwa taabu.

Barua hii anakuletea Rajabu mwenyewe. Ana neno la maana sana juu ya kufuli la choo cha soko, amelifikiria tangu lilipofungwa. Nakusihi usimsalimu, wala asubuhi wala jioni. Ukimsalimu atakujibu njema, atageuka aende zake, nawe hutajua alikuja kwa nini.